Tofali Linalokunywa Maji



Huku kwetu Mwese mvua huanza Novemba na kukoma Aprili. Miezi hiyo ndiyo hutuonyesha nani alijenga na nani alidanganywa. Ukuta uliopendeza Septemba, ifikapo Februari umeota ukungu, plasta inabanduka, na watoto wanaolala kando yake wanakohoa. Wengi husema ni bahati mbaya. Sisi twasema ni suala la haki.

Katika nchi yetu wapo wafyatuaji wanaochanganya udongo na pumba za mpunga au vumbi la mbao. Tunawasifu. Tanuri la kuni hula miombo, na vijiji kadhaa vya Wilaya yetu ya Tanganyika hupata fedha za kaboni kwa kuhifadhi misitu ya Ntakata. Aokoaye mti huokoa mali ya wote.

Lakini taka isiyoeleweka huzaa hasara. Pumba zilizomo ndani ya udongo huungua tanurini na kuacha vitundu vidogo. Tofali huwa jepesi na huhitaji kuni chache, ila vitundu hivyo hunyonya maji, na pumba zikizidi tofali hupungukiwa nguvu. Jivu la pumba lina tabia nyingine. Likichomwa vizuri na kusagwa laini kama unga, huungana na chokaa itokayo katika saruji na kuziba vitundu. Likitiwa na chenga zake, huongeza kiu ya tofali. Taka ni ile ile. Kinachotofautiana ni uangalifu wa mikono.

Wapo wanaotaka turudi kwenye udongo mtupu. Hilo si jibu, kwani hata tofali la udongo mtupu lisipoiva hunywa maji. Wapo pia wasemao kwamba maskini hana budi kupokea alichopata. Hilo tunalikataa kabisa. Mjane aliyeuza mavuno ya mwaka mzima ili anunue matofali hana fedha ya kujenga mara ya pili. Muuzaji anajua alichochanganya, mnunuzi hajui. Kumficha ni sawa na kumpimia kwa mizani ya uongo.

Na ukweli huu hauhitaji maabara. Chagueni matofali matano kutoka sehemu mbalimbali za tanuri. Yaanikeni hadi uzito wake usipungue tena, kisha myapime. Yazamisheni majini kwa saa 24, myafute, myapime tena mara moja. Tofali la kilo 2.5 likifika kilo 2.9, limekunywa asilimia 16 ya uzito wake. Likifika kilo 3.1, limekunywa asilimia 24. Kwa tofali la kawaida la kuchoma, kipimo kinachotumika katika nchi kadhaa ni lisipite asilimia 20. Lililopita hapo lisiwekwe msingini wala katika ukuta unaopigwa na mvua. Labda litafaa ukuta wa ndani, kama lina nguvu ya kutosha, na kwa bei yake ya haki.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya iwe na ndoo na mizani ya kuazimana. Pili, kamati za ujenzi wa makanisa, shule na zahanati zisilipe kabla ya kupima. Sisi tulio mapadre tuwe wa kwanza kutii. Tatu, mfyatuaji aseme wazi alichochanganya, naye mnunuzi asimpunje yule ambaye tofali lake limefaulu, kwa kuwa haki hudai pande zote mbili.

Nasi tujenge kwa busara: msingi wa mawe ulioinuka, karatasi ya nailoni juu yake kuzuia unyevu usipande, na upenu mrefu. Kiangazi ndicho wakati wa kupima. Mvua ikishaanza, itapima yenyewe, na gharama ataibeba asiye na kitu.