Emprimante ikigoma, usiangushe ukuta

Tunaliona kila juma katika biro na sekretariati za Lubumbashi. Emprimante inagoma, kijana wa mashini anaitwa, naye jambo la kwanza anazima pare-feu, ule ukuta wa moto wa ordinatere. Karatasi zikitoka, wote wanafurahi. Kesho hakuna anayekumbuka kuuwasha tena.

Windows XP ilikuja mwaka 2001 na ukuta huo, ila ulikuwa umezimwa. Mwezi wa nane 2003 kirusi Blaster kikaingia mashini za dunia sawa mlango hauna kufuli. Microsoft ilikuwa imetoa dawa mwezi wa saba, wengi hawakuiweka. Ni mwaka 2004, na Service Pack 2, ukuta ukaanza kuwaka wenyewe. Mwaka 2017 WannaCry ikarudia mambo yale yale: dawa mwezi wa tatu, ugonjwa mwezi wa tano.

Tunajua, mega ni bei; ndiyo maana watu wanafunga mise à jour. (Na kweli, zile za 2021 ziliwahi kuharibu emprimante kadhaa.) Lakini mara nyingi pilote mpya, ile programu ya kusikilizanisha ordinatere na emprimante, inapitia njia ile ile mliyofunga. Dawa ya emprimante ilikuwa humo! Wakubwa wa biro, lipeni mega za mashini moja: Windows 10 na 11 zinaweza kugawia wenzake wa rezo moja kile zilichopakua. Mpangilio huo upo tayari, na kwa kawaida huja umewashwa; hakikisheni tu hakuna aliyeuzima.