Choo cha kwanza cha mtoto mchanga

Juma hili tuongee juu ya swali ambalo wengi wetu hatuulizi tukienda kumwona mama aliyejifungua: mtoto ametoa choo cha kwanza saa ngapi?

Mambo ya choo hicho yanaanza mbali, wakati mtoto ana majuma 4 hivi tumboni. Hapo seli fulani, zile chembe ndogo zinazojenga mwili, zinaondoka upande wa mgongo karibu na shingo na kushika safari. Zinaingia katika utumbo kwa juu, kisha zinateremka polepole. Hazitembei ovyo. Ukuta wa utumbo unatoa kitu cha kuzivuta mbele, nazo zinakitambua na kukifuata. Tena zinaongezeka njiani, kwa maana zikiwa chache, msafara unaishia katikati. Karibu na juma la 7 zinafika mwisho. Ndizo zinazokuwa mishipa ya fahamu inayoamuru utumbo usukume choo.

Kwa mtoto mmoja hivi katika 5,000, zaidi wavulana, msafara haufiki. Kipande cha mwisho cha utumbo kinabaki kimekazana, choo hakipiti. Ugonjwa huu unaitwa Hirschsprung, jina la muganga wa Danimaki aliyeueleza mwaka 1886.

Basi tushike alama hizi. Watoto wengi wazima wanatoa choo cheusi cha kunata ndani ya saa 24. Zikipita bila kitu, mwambieni muuguzi au mkunga. Zikifika 48, au tumbo likivimba, au akitapika rangi ya majani, apelekwe hospitali mara moja. Tusimtie dawa za mizizi kwa nyuma; zinaweza kumuumiza na kutuchelewesha. Muganga mpasuaji anaweza kuondoa kipande kisicho na mishipa na kuunganisha kilicho kizima, na watoto wengi wanakua vizuri.

Nanyi bibi, shangazi na mama wakwe, tusimnyooshee mzazi kidole. Hakula kitu kibaya, wala si ulozi. Safari ilikatika mapema, pengine kabla yeye mwenyewe hajajua ana mimba.

Mkienda kumpongeza mzazi, pamoja na sabuni na unga, mpelekeeni na swali lile.