Na watoto Simbo, mvua isiwatishe

Wadau, kila Desemba swali ni lile lile: mvua yote hiyo, na watoto wawili wadogo mnafuata nini Simbo? Tunafuata hiyo hiyo mvua. Ukija kiangazi tu, umewaonyesha watoto nusu ya Kigoma. Mvua za kwanza zikishuka kumbikumbi wanatoka ardhini, na wangu wanawakimbiza na ndoo mpaka giza linaingia. Hakuna katuni inayoshindana na hilo. Nguo zinachafuka, sawa, sabuni ipo.

Kiangazi ni ziwa. Mwaka 2024 tulifika Kibirizi uvuvi ukiwa umefungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mkubwa akauliza taa za wavuvi wa dagaa zimekwenda wapi usiku. Tukamwambia dagaa na migebuka nao wako likizo. Akaelewa haraka kuliko watu wazima waliokuwa wakilalamikia bei sokoni (ingawa na wao nawaelewa, mboga ni mboga).

Ila kwenye boti sina mjadala. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na kiangazi upepo wa kusini huleta mawimbi ya kweli. Tulipanda boti moja, maboya ya kuvaa yakawa ya wakubwa tu, eti watoto mtawapakata. Tukashuka. Tukaenda Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mdogo akajali zaidi miembe.

Wenye boti, hivi maboya mawili ya watoto ni shilingi ngapi?