Simu Yako Imebeba Wenzako, Ifunge

"Mimi sina cha kuficha." Hiyo kauli huwezi kuikosa vijana wa Nakuru wakizungumzia simu na maandamano. Sawa, wewe huna. Na yule msee aliyekutumia mia mbili ya nauli kwa M-Pesa? Jina lake liko kwenye meseji. Kundi lenu la WhatsApp lina namba za watu wa Kaptembwa, Free Area, hadi Naivasha. Picha ulizopiga Kenyatta Avenue zina sura za watu usiowajua. Karao akipata simu yako ikiwa wazi, amewapata wote hao.

Hii si hofu ya bure. Mei 2025, watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi wakihusishwa na filamu ya BBC kuhusu mauaji ya Juni 25, 2024, nje ya Bunge. Simu zao zilichukuliwa. Baadaye watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walizipima na kukuta programu ya ujasusi, FlexiSPY, kwenye simu za wawili wao. Kwa mujibu wa uchunguzi huo, iliwekwa simu zikiwa mikononi mwa polisi.

Kuna wanaosema basi tuache simu nyumbani. Sikubaliani nao. Bila video za 2024, nani angeamini yaliyotendeka? Beba simu, lakini ibebe ikiwa nyepesi.

Usiku wa kabla, hamisha picha na ufute meseji za pesa. Weka meseji za kundi zijifute zenyewe. Zima kufungua kwa kidole au uso, tumia namba sita au zaidi: kidole chako kinaweza kushikwa kikawekwa kwenye simu, namba iko kichwani. Ukipiga picha, ziba sura kabla ya kuposti. Na usidhani kuzima lokesheni kunatosha. Simu yenye laini bado inawasiliana na mnara. Ukihitaji kamera tu, weka hali ya ndegeni. Namba ya wakili iandike mkononi kwa kalamu.

Ndiyo, Katiba iko upande wetu: Kifungu cha 37 kinalinda maandamano ya amani, cha 31 kinalinda faragha. Lakini kesi huchukua miezi, na simu iliyo wazi hupekuliwa kwa dakika tano. Usipojijali wewe, mjali basi yule aliyekutumia nauli.