Dalili Kutulia Siyo Ugonjwa Kwisha

Mzazi mmoja wa hapa Igoma alinijia baada ya sala ya alasiri akaniuliza: "Maalim, mwanangu ana saratani ya damu. Dawa zimemfaa, homa imekwisha, na sasa acheza na wenziwe. Je, yafaa nikome kumpeleka hospitali? Gharama zimenielemea."

Nilimjibu: "Usikome, ndugu yangu." Na sababu yake yafaa ijulikane katika kila nyumba.

Mwaka 1994 wataalamu wa Toronto, nchini Kanada, wakiongozwa na John Dick, waliwapandikizia panya seli za wagonjwa wa aina moja kali ya saratani ya damu. Wakaona kuwa seli nyingi hazina nguvu ya kuuanzisha ugonjwa upya. Chache mno ndizo mama, nazo huitwa seli shina.

Lakini watoto wa mama huyu na wa yule watapambanuliwaje? Mfugaji wa Kisukuma humpiga ng'ombe wake chapa, lakini ndama hazaliwi nayo. Hapa yatakiwa chapa inayorithiwa. Basi hutumiwa kirusi kilichoondolewa madhara, nacho huingiza kipande cha jeni ndani ya seli. Katika kila seli kipande hukaa mahali pake mbalimbali, na kizazi chake chote huzaliwa na alama hiyo hiyo. Mara nyingi huongezwa jeni iliyotoka kwa konyeza wa baharini, na seli hung'aa kijani chini ya mwanga maalumu.

Kwa njia hii, mwaka 2004, kundi la Dick lilizifuata koo za seli hizo kutoka panya hadi panya. Likaona baadhi ya mama hukaa kimya, huzaa kwa nadra, kisha ukoo wao hudhihiri baadaye. Nazo dawa nyingi za saratani huua zaidi seli zizaanazo upesi. Iliyolala yaweza kusalimika.

Sisi watu wa Ziwa twalijua gugumaji: ukiling'oa, maji huonekana safi, kumbe mbegu zimelala topeni.

Saratani za damu ni nyingi wala hazifanani, lakini katika zote mwenye kuamua siku ya kukoma dawa ni daktari, si macho ya mzazi. Mtume wetu (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, na kuimaliza tiba ni katika kujitibu.

Na sisi majirani tuna wajibu wetu. Ijumaa ile tulimchangia mzazi yule nauli ya kwenda Bugando. Nawe, msomaji, mtazame jirani yako.