Msamaha Usipimwe kwa Mfuko

Nchini Marekani, sheria ya silaha ya mwaka 1968 humnyima bunduki mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake yaweza kuzidi mwaka mmoja gerezani. Kuanzia 1992 Bunge la huko lilikataa kutoa fedha za kushughulikia maombi ya kurudishiwa haki hiyo. Basi, hadi Wizara ya Sheria ilipoanza kufungua njia nyingine mwaka 2025, aliyehukumiwa na mahakama ya shirikisho alitegemea msamaha wa Rais. Naye mwombaji wa msamaha huulizwa habari za madeni yake na kufilisika kwake.

Je, ni haki? Dawa ya deni ni kulipa. Aliyeiba mali ya watu akaificha, au anayekwepa kodi ilhali uwezo anao, hajajirekebisha, na aulizwe. Lakini aliyetoka gerezani akanyimwa kazi, akakopa ili kumtibu mwanawe, ana hatia gani? Deni lake si ushahidi kwamba atamdhuru jirani. Anayeomba bunduki apimwe kwa mwenendo wake, wala si kwa akiba yake benki. Hata katili huweza kuwa na akiba.

Nasi Wakenya tujihadhari. Kifungu cha 133 cha Katiba ya 2010 kimempa Rais mamlaka ya huruma kwa ushauri wa kamati. Tudai kamati hiyo itenganishe udanganyifu na ufukara. Tukinyamaza, tutakuwa tumeugeuza kuwa sheria ule msemo mchungu: mnyonge hana haki.