Mtambo Nao Uulizwe Sababu

Askari aliye zamu hufundishwa kumsimamisha kila ajaye na kumwuliza: "Nani wewe?" Hamruhusu mtu kupita kwa kuwa tu amevaa vizuri. Lakini siku hizi zamu nyingi zimekabidhiwa mitambo, na mara nyingi neno la mtambo hupokelewa bila swali. Jambo hili lina hatari.

Usiku wa manane, tarehe 26 Septemba, 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov wa jeshi la Muungano wa Kisovieti alikuwa zamu katika kituo cha kupokea habari za setilaiti karibu na Moscow. Kompyuta ikatangaza kwamba Marekani imerusha kombora. Kisha ikaongeza mengine manne. Petrov alitafakari. Alijua kwamba anayeanzisha vita vya nyuklia harushi makombora matano tu, na rada za ardhini hazikuona kitu. Akawaarifu wakubwa wake kwamba ishara ile ni ya uwongo. Baadaye ilibainika kwamba setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu ya juu.

Ni nini kilichowaokoa walimwengu? Ni maarifa. Kompyuta ilikuwa na macho tu. Maarifa yalikuwa kichwani mwa Petrov.

Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba sehemu ya maarifa hayo yaweza kutiwa ndani ya mtambo wenyewe, kwa kanuni za "ikiwa hivi, basi vile" zitokazo kwa mabingwa wa kazi. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitengeneza programu iitwayo MYCIN ya kuwashauri madaktari juu ya maradhi yaletwayo na bakteria. Daktari aliweza kuiuliza "Kwa nini?", nayo ikamwonyesha kanuni iliyoifuata.

Hiyo ndiyo njia ifaayo. Mtambo unaolinda maisha ya watu hauna budi kueleza sababu zake. Naye askari anayeuangalia afundishwe jinsi unavyofanya kazi na unavyoweza kukosea, si kubonyeza vitufe tu. Wapo watakaosema kwamba maswali hupoteza wakati. Petrov alikuwa na dakika chache, nazo zilimtosha kwa kuwa maarifa alikuwa nayo kabla ya kengele kulia.

Ndugu askari, kuuliza si ujinga. Kengele ikilia, simama imara, kisha uulize: "Sababu ni nini?"